Mwaka Nilioamka Mgeni

Mwezi uliopita, nikiwa kwenye benchi la kliniki ya moyo Dodoma, mtu alinigonga begani na mfuko wa karanga akaniuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka dirisha la dawa, "We Mnyaturu, bado hujafa?" Foleni nzima iligeuka kumtazama mwenye roho mbaya namna hiyo. Mimi sikugeuka, sauti nilishaijua. "Nife, halafu nyie Wagogo mtaomba chakula kwa nani?" nikajibu. Hapo Mama Sechelela akazunguka mbele yangu akanikumbatia kwa ubavu, taratibu, namna wanavyokumbatiana watu waliowahi kupasuliwa mfupa wa kifua hata kama ulishaunga zamani. Yeye amewekewa mlango wa chuma ndani ya moyo, na ukimsogelea mahali pa kimya unausikia ukigonga kama saa ya ukutani. Mimi sikuwekewa mlango, mimi nilitolewa kitu. Mwaka ule tulikuwa majirani wa kitanda, yeye mtu wa Kilimatinde, mimi wa Mungaa, watani wa kuzaliwa, na sikumbuki kama tuliwahi kuambiana neno zuri hata moja. Tukamenya karanga tukisubiri kuitwa. Akanicheka kwamba nimenenepa, nikamwambia saa yake imechelewa, na tulipoachana nikapanda basi la Singida, nikaegemeza kichwa dirishani, na mwaka ule ukanirudia wote kama ndoto ya mchana, ambayo ukiulizwa ilianzia wapi huwezi kusema.

Nilikuwa kidato cha pili. Nani alinizaa na kwa nini nikalelewa na Bibi, hayo niyaache, ni marefu na hayachekeshi. Ninachokiona nikifumba macho ni jiko la Bibi, kibanda cha udongo kilichoezekwa bati kuukuu lenye matundu ya misumari, na jua likipenya kwenye kila tundu na kushuka kama uzi mpaka kwenye mkeka. Mwaka ule nililala kwenye mkeka ule kuliko mwaka wowote wa maisha yangu, ukiacha ule niliozaliwa. Nilikuwa nimechoka uchovu wa ajabu, wenye utamu kidogo ndani yake. Moshi ulikuwa unapita katikati ya nyuzi za jua na kuzikata, kuku wanaingia na kutoka kama watu wenye shughuli, mlenda unatokota, Bibi anasonga ugali wa uwele huku akimsema mtu ambaye hayupo, na nje upepo wetu unapiga bila kupumzika juu ya alizeti zilizochanua mpaka kwenye majabali ya nyuma ya nyumba. Nikilala hivyo kwa ubavu dunia ilikuwa inatulia. Nikisimama, mambo yanageuka. Hasa nikiinama halafu nikanyanyuka, ilikuwa kama mtu amezima taa. Kifua kinabana, masikio yanalia, giza linaingia na vimulimuli vyake, halafu taa inawaka tena na mimi nimeshika ukuta, najifanya nilikuwa naukagua.

Sasa, kwetu msichana hamwamkii mkubwa akiwa amesimama wima kama mlingoti wa bendera. Anakunja magoti, anashuka, anasema shikamoo, anasubiri marahaba yake, ndipo ananyanyuka. Kama mkubwa huyo ana habari nyingi za kuuliza, mvua, ng'ombe, shule, unabaki hukohuko chini mpaka amalize. Kushuka sikuwa na tatizo nako. Kunyanyuka ndiko kulikokuwa kunaniua, kwa hiyo nikaacha kushuka. Kwanza nikawa nakunja goti moja, nusu, kama mtu anayekwepa dimbwi. Baadaye nikawa naamkia nimeegemea mlango. Mwishowe nikagundua kwamba nikiamkia nimelala sipati shida yoyote, na siku katekista alipokuja kumsalimu Bibi, nilimtolea shikamoo safi kabisa, yenye sauti, nikiwa nimejinyoosha kwenye mkeka na mkono chini ya shavu. Katekista hakuitikia. Alimtazama Bibi kama mtu aliyeonyeshwa nyoka katikati ya ibada.

"Felista," Bibi akasema, "mgeni amekuja."

"Nimemwona, Bibi. Nimeshamwamkia."

"Umemwamkia kama mbwa anayeota jua!"

"Mbwa haamkii, Bibi."

Ingekuwa mtoto mwingine, mtu angeuliza anaumwa wapi. Lakini mimi ndiye niliyekuwa naigiza mwendo wa mwalimu mkuu mpaka mwenyewe akasita kutembea mbele ya mstari, na ndiye niliyemwita mbuzi wa jirani kwa jina la ubatizo la mwalimu wa nidhamu. Kijiji kizima kikaona jambo moja tu: Felista sasa amefika mwisho wa utundu wake, umebaki ufedhuli mtupu. Na dawa ya ufedhuli kwetu inajulikana. Jumapili baada ya misa Bibi alinipanga mbele ya mstari wa kina mama wazee waliokaa kwenye ukuta wa kanisa, akaniamuru nimwamkie kila mmoja mpaka chini, nyanyuka, anayefuata, mpaka chini, nyanyuka. Yaani ugonjwa wangu ulikuwa kunyanyuka, na matibabu yakawa kunyanyuka. Nakumbuka kanga ya bibi mmoja yenye maua ya kijani, nakumbuka nikifikiri jinsi maua yale yalivyo mbali, halafu nakumbuka mchanga shavuni, wa moto, mzuri, na sauti juu yangu ikisema, "Na huku kuanguka amejifunza wapi?" Mwingine akajibu, "Kwenye televisheni." Hata Bibi aliniambia niamke nisimwaibishe. Nilipogeuza uso akaona midomo yangu ilivyogeuka buluu, ndipo alipopiga kelele. Siku hiyohiyo Mjomba Elia, mdogo wa mwisho wa mama yangu, alinipakia kwenye pikipiki yake, Bibi nyuma yangu amenishika kiunoni kwa nguvu, kama mtu anayebeba gunia analoogopa litamwagika.

Tulianza na kidonge cha malaria, tukaenda kwenye dawa ya pumu, tukapita kwa mtu aliyesema wasichana wa umri huu ndivyo walivyo. Singida mjini tukampata daktari kijana ambaye badala ya kuniuliza ninaumwa nini aliniuliza, "Unazidiwa ukiwa umekaaje?" Swali lile sikuwahi kuulizwa. Nilimwambia nikilala niko salama, nikinyanyuka nazimika. Akanisikiliza moyo nimekaa, akanisikiliza nimelala, akanisikiliza tena nimekaa, kisha akamtazama Mjomba na kusema twende Dodoma bila kupitia nyumbani.

Chumba cha kipimo Dodoma kilikuwa na giza na baridi. Nikapakwa kifuani kitu cha utelezi kama mafuta ya nywele, mtaalamu akapitisha kifaa chake, na moyo wangu ukatokea kwenye kioo, wa kijivu, ukifunguka na kufumba. Ndani yake kulikuwa na kitu kinacheza. Sina namna nyingine ya kusema. Moyo ukifunguka kinadondoka mlangoni, ukifumba kinarudi chumbani, kinadondoka, kinarudi, kimejishika ukutani kwa kikonyo kama papai. Mtaalamu alikuwa anatafuna bigijii, akaacha kutafuna. Nilijua kuwa ni kibaya, lakini mpaka leo nikikumbuka naona kilikuwa kizuri, kinavyoelea vile taratibu, hakina haraka na mtu, kama vile ndani yangu kulikuwa na mwingine anayeishi mchana wake mrefu na hajui kwamba ananiziba.

Daktari mpasuaji alikuwa mama mwembamba mwenye sauti ya chini. Alituketisha ofisini kwake, mimi akanilaza kwenye kitanda cha pembeni, akamweleza Bibi kwa maneno ambayo Bibi angeweza kuyabeba. Ni uvimbe, si saratani. Ni nadra sana, kwa msichana mdogo ni nadra zaidi. Umeota kwenye ukuta unaotenganisha vyumba vya juu vya moyo. Akisimama unashuka na kuziba mlango, damu haipiti, anazimia. Akilala unarudi nyuma, mlango unafunguka.

"Kwa hiyo alivyokuwa analala vile mbele ya wageni…" Bibi akasema.

"Alikuwa anajiokoa, bibi."

Bibi alinitazama, kisha akatazama sakafu. Daktari akaendelea. Uvimbe wenyewe ni laini, wa utelezi, na kipande kikimeguka kinasafiri na damu. Kikifika kwenye ubongo mtoto anapooza, au tunampoteza palepale. Kidonge hakipo. Dawa ni kuukata, pamoja na kipande cha ukuta uliposhikilia, na kuweka kiraka.

"Mtakataje na moyo unapiga?"

"Tutausimamisha, bibi. Mashine itashika kazi yake kwa muda huo. Tukimaliza tunauwasha tena."

Bibi alivuta kanga yake mabegani kama amepigwa na baridi. "Daktari, mwanangu," akasema, "mimi nimefumba macho ya watu wengi kijijini kwetu. Moyo ukisimama mwenyewe ameshaondoka. Sasa nyie mtamwondoa huyu, halafu mtauwasha moyo. Atakayekuja kukaa humo ndani ni nani?"

"Ni yeye mwenyewe."

"Wewe umemjulia wapi?"

Daktari alikuwa amenijua tangu asubuhi tu. Fomu ya ridhaa ikawekwa mezani na Bibi akaficha mikono yake chini ya kanga. Alisema hakatai matibabu, anakataa kubadilishiwa mtoto. Mjomba Elia alicheka, halafu akaona kwamba Bibi hatanii, na kicheko chake kikamfia mdomoni. Bila dole gumba la Bibi hakuna kupasuliwa, na bila kupasuliwa kile kitu kingeendelea kucheza mpaka siku kitakapochoka kucheza. Mimi nilikuwa nimelala pale natazama dari. Nilitaka kusema kichekesho. Nilikitafuta nikakikosa, kwa sababu, na hili sijawahi kumwambia mtu, swali la Bibi lilikuwa limeniingia na mimi.

Wodini nikapewa kitanda kando ya Mama Sechelela, aliyekuwa ameshapasuliwa na anasubiri kuruhusiwa. Alipomwona Bibi tu akauliza, "Huyu wa kabila gani?" Alipojibiwa akaomba aletewe godoro jingine la kujikinga. Alipoelezwa ugonjwa wangu alitikisa kichwa kwa huzuni ya uongo. "Kitu laini, cha utelezi, kimeshikana moyoni? Huo ni mlenda. Wanyaturu mnakula bila kumeza vizuri." Chakula cha hospitali kilikuwa ugali na kabichi iliyokata tamaa, lakini binti yake Sechelela alikuwa anamletea hotipoti kutoka nje, na ndani ya hotipoti, kumbe, kulikuwa na mlenda. Nikamwambia naye aangalie usimpande moyoni. Tulikula wote kwa mkono mmoja, mimi nimelala ubavu, mvuke unapanda kwenye mwanga wa dirisha, na kwa mbali mashine ya mgonjwa mwingine inalia polepole kama ndege wa porini anayeita bila kujibiwa. Bibi hakula. Alimsogelea Mama Sechelela, akaketi ukingoni mwa kitanda chake.

"Na wewe walikusimamisha moyo?"

"Walinisimamisha."

"Uliamka nani?"

"Niliamka Mgogo vilevile, dada. Nilimwomba Mungu niamke Mnyaturu na mimi nile kuku, nikakuta wamenirudishia njaa yangu."

Bibi alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Mungaa, mpaka akajifuta macho. Kisha akaacha kucheka. "Lakini mimi sikukujua kabla," akasema. "Nitajuaje kama wewe ndiye yule aliyelazwa?"

Mama Sechelela akamwonyesha binti yake kwa kidevu. "Hilo muulize mwanangu," akasema. Sote tukamgeukia Sechelela, msichana mkubwa mpole, ameshika kifuniko cha hotipoti. Alimtazama mama yake kwa makini, kama anaulizwa polisi. "Ni yeye," akasema. "Ila siku hizi akikaa peke yake anaimba. Zamani alikuwa haimbi."

Bibi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata alichokuwa anakiogopa. Nilimchukia Sechelela siku nzima. Lakini hata sasa, nikiwa na akili za kidato cha tano, sijui ungemjibu nini Bibi. Watu wa hospitali walidhani ni ushamba, wakawa wanamwelezea upya kwa sauti kubwa zaidi, mashine, mirija, damu, kana kwamba hakuelewa. Alielewa vizuri sana, hata jina la mashine alilikariri. Alichokuwa anauliza hakimo kwenye mashine.

Mchana uliofuata nilikuwa nimelala nyuma ya pazia la kitanda, katikati ya usingizi na kuamka, pale ambapo sauti za watu zinakuja kama zimefungwa kwenye pamba. Bibi na Mjomba waliamini nimelala. Walikuwa wanaongea Kinyaturu, kwa chini, na Kinyaturu cha chini ndicho lugha ninayoisikia vizuri kuliko zote, nimelala ndani yake tangu utotoni. Mjomba alikuwa anabembeleza. Bibi alimkatiza.

"Elia, nyamaza nikwambie. Nikikataa, nitamzika ninayemjua. Nikikubali, huenda nikarudi nyumbani na nisiyemjua. Nimefikiria tangu jana." Viatu vya muuguzi vikapita. "Basi nitamlea huyo nisiyemjua. Atakuwa amekuja hana mtu. Nenda kawaite, niweke dole gumba."

Nililala vilevile, sikutikisika, machozi yakaingia sikioni. Kwenye maisha yangu nimeambiwa mara nyingi kwamba ninapendwa, na watu wa dini, na walimu wanapotaka niache kelele. Sidhani kama nimewahi kusikia tena kitu kama kile.

Siku ya kupasuliwa nilipelekwa kwa kitanda cha magurudumu, taa za dari zikipita juu yangu moja baada ya nyingine. Bibi alitembea pembeni mpaka mlango usiovukwa, akanishika kidole gumba, si mkono, gumba tu, akaniangalia usoni kwa muda mrefu kama anayekariri. Ndani kulikuwa na baridi na watu wa kijani wenye macho tu. Niliwaambia wakiona nimebadilika wanirudishe dukani, na mmoja akacheka. Daktari wa usingizi akaniambia nifikirie mahali pazuri. Nikafikiria mkeka, uzi wa jua. Halafu hakuna. Sikuota. Hili watu hawaniamini, wanapenda niseme niliona mwanga au nilijiona niko juu ya dari. Usingizi wa kawaida una unene, ukiamka unajua kwamba muda umepita. Ule haukuwa na kitu. Ni kama kurasa mbili zimegandana, unafunua na hadithi imesharuka. Kwa muda ule moyo wangu ulikuwa umetulia kwenye barafu kama nyama ya buchani, umefunguliwa, na yule mcheza ngoma wangu akakatwa pamoja na kikonyo chake, akatolewa kwenye mwanga. Daktari alinionyesha picha baadaye. Ule uvimbe ulikuwa na rangi ya asali, unang'aa, na haukufanana na kitu kinachocheza.

Nilipoamka nilikuwa na mrija kooni. Mimi, Felista, siwezi kusema neno! Mbele yangu alisimama mtu mwenye gauni la kijani, kofia na barakoa, akinitazama, na ilinichukua muda kutambua kwamba yale macho ni ya Bibi. Tulitazamana hivyo, kila mmoja akimtafuta mwenzake ndani ya vile alivyovalishwa. Mrija ulipotolewa na sauti ikarudi, nyembamba kama ya kifaranga, damu yangu ilikuwa imejaa dawa za maumivu na moyo wangu mpya mtupu ulikuwa umejaa upendo kwa viumbe vyote, hata mwalimu wa nidhamu. Nikasema, "Shikamoo, Bibi." Kisha nikaongeza, Mungu anisamehe, "Asante kwa kuja. Samahani kwa usumbufu."

Bibi alirudi nyuma hatua nzima. "Huyu siye," akamwambia muuguzi.

Muuguzi akacheka. "Ndiye, bibi. Angalia hata jina mkononi."

"Mtoto wangu haombi samahani."

Siku chache baadaye, nimeshahamishiwa wodini, nakohoa huku nimekumbatia mto ili mfupa usifunguke, Bibi aliinama karibu na kuniuliza taratibu, "Ulikuwa wapi?" Ningeweza kumtungia safari nzima. Felista wa zamani angemwambia alipita Manyoni akanunua asali. Nilitafuta ndani, nikakuta ile sehemu tupu, safi. "Sijui, Bibi," nikasema. Akaitikia, akanifunika shuka vizuri mpaka shingoni, akachomeka pembe zake kwa adabu, kama anavyomfunika mtoto wa watu.

Ndivyo tulivyorudi Mungaa. Nilikuta mkeka umeviringishwa na kusimamishwa kwenye kona, mimi nikawekewa kiti cha mgongo, kile cha katekista. Nikachinjiwa kuku na kupewa firigisi, ambayo kwetu msichana anaijua kwa jina tu. Bibi, aliyekuwa ananiita kunguru, kupe, na mengine yasiyoandikika, sasa alikuwa ananiita mwanangu. Kubwa kuliko yote, hakunituma. Kwetu mtoto anatumwa tangu anapojua kutembea: lete moto kwa jirani, fukuza kuku, niangalizie maziwa. Mgeni ndiye hatumwi. Niliona Bibi akinyanyuka na magoti yake mabovu kwenda kuchukua kijiko kilichokuwa karibu yangu kuliko yeye, na alipopita akasema, "Samahani, mwanangu." Nikajaribu kila kitu. Nilimwimbia wimbo wa kumdhihaki katekista. "Unaimba vizuri, pumzika." Nilimwaga uji makusudi. "Haina shida, utaletewa mwingine." Daktari alikuwa amesema ninaendelea vizuri sana, nilikuwa nashuka na kunyanyuka bila giza, upepo unapita ndani yangu kama nyumba iliyofunguliwa madirisha, na bado mchana nikikaa kwenye kile kiti nilikuwa naanza kufikiri kwamba labda Bibi ana haki. Labda Felista alitoka kupitia pale walipofungua na mimi ni mwingine, mpole, niliyekaribishwa kwa huruma. Nilikuwa natazama mikono yangu. Nilikuwa napapasa kovu. Nilikuwa najiita jina kimoyomoyo nisikie kama nitaitika.

Watu wakawa wanakuja kunitazama, aliyesimamishwa moyo. Walikuwa wanaleta mayai, wanakaa, wananong'ona. Mchana mmoja jiko lilikuwa limejaa kina mama, Bibi anachochea chungu, akaingia Bibi Anna, mjane wa mzee Daudi, jirani yetu. Mzee Daudi alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, na alipokuwa hai alikuwa na lalamiko moja ambalo eneo zima lililijua, alilitoa barabarani, kilabuni, hata jumuiya ya sala: mke wake anapika bila chumvi. Bibi Anna akaketi mbele ya kiti changu, akanishika mikono yote miwili, na macho yake yalikuwa ya kweli kabisa.

"Mjukuu wangu," akasema, "wanasema ulifika huko ukarudi. Hukumwona mzee wangu?"

Bibi aliacha kuchochea. Najua kwamba jibu lilikuwa sijui, jibu lile tupu nililompa hospitalini. Lakini lilipokuwa linapanda kooni kitu kingine kikalipita mbio.

"Nilimwona, Bibi Anna," nikasema. "Hajambo, anakusalimu sana. Anasema huko mboga zina chumvi."

Kisha Bibi Anna akatoa sauti, nikadhani nimemliza, kumbe anacheka, anacheka mpaka ameinamia magoti yangu, anasema, "Ndiye! Ndiye yeye huyo! Ndiye Daudi!" na machozi yanamtoka, na kina mama wote wakaangua. Mimi nikacheka nao na mfupa wangu ukachoma kama moto, nikakumbatia kifua. Kandambili ikapita hewani. Ilinikosa kwa makusudi, ikagonga sufuria.

"Felista!" Bibi alikuwa amesimama, mwiko mkononi, uso umewaka. "Kunguru wewe! Wafu wa watu unawafanyia mchezo? Nimekaa hospitali nimeshikwa mgongo kwa ajili ya jinga kama hili? Nyanyuka kwenye kiti cha watu! Toka hapa, kalete kuni!"

Kina mama waliacha kucheka. Mmoja akaanza kusema mtoto amekatazwa kubeba mizigo, mwenzake akamfinya. Bibi naye alikuwa amesikia alichokisema. Alibaki amenyoosha mwiko, ananitazama, na mimi nilikuwa nimeshanyanyuka, wima, bila kushika ukuta. Nikatoka nje kwenye upepo. Nilikuwa nimefika kwenye rundo la kuni aliponifuata mpaka mlangoni.

"Kimoja kimoja!" akapiga kelele. "Usije ukanifungulia hicho kifua!"

Nikachukua kijiti kimoja, chembamba kama penseli, nikakipeleka mpaka mafigani, nikakiweka. Nikarudi kufuata kingine. Nilipokuwa naleta cha tatu, Bibi alikuwa ameshaanza kuwalalamikia kina mama kwamba huyu mtoto ukimtuma hafiki.